Fundo Langu Kichwani mwa Mama wa Kambo

Ndugu Mkurugenzi wa Studio ya Katuni,

Kwanza nikupongeze. Filamu yenu imefika hadi kwenye bweni la wasichana ambako mimi ni matroni, na tangu wiki iliyopita sina haja tena ya kujitambulisha. Nikipita koridoni nasikia nyuma yangu, "Shikamoo, mama wa kambo!" Kisha vicheko, kisha milango inabamizwa.

Fundi wenu wa nywele ni binti wa kaka yangu. Tarehe 9 Februari (nimeangalia shajara yangu) alikuja kwangu na kamera, akasema, "Shangazi, kaa tu, nataka kisogo chako. Ni cha bibi mmoja mpole." Nikakaa. Akanipiga picha kila upande, akanifumua, akataka nifunge tena polepole aone. Leo fundo langu la nywele liko kichwani mwa mwanamke anayemnyima yatima chakula. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimeelezwa kwamba kwenye kompyuta nywele huoteshwa kichwani unywele mmoja mmoja, huchanwa kwa brashi isiyoshikika, hukusanywa nyuma, husokotwa na kuzungushwa mpaka fundo likae. Kazi nzuri mno. Mimi hulifunga langu kila alfajiri bila kompyuta wala kioo, na hakuna aliyewahi kunipigia makofi.

2. Fundo langu huegemea kushoto kidogo, ndivyo mkono ulivyozoea. Programu yenu hupenda kichwa kilicho sawa pande zote. Fundi wenu akaizuia makusudi. "Bila kuegemea si wewe, shangazi," akaniambia kwa fahari. Namshukuru. Bila hivyo wasichana wasingenijua.

3. Kuna kitu mnakiita kiwango cha fujo. Ukikisogeza mbele, vinywele vya shingoni vinatimka. Mama wa kambo amewekewa thelathini kwa mia! Naomba kuonyeshwa kipimo kilichotumika, maana kichwa hiki nakikagua mwenyewe kila siku na fujo hiyo sijakutana nayo.

4. Hili ndilo zito. Zamani ilitosha nikohoe tu mlangoni mwa bwalo, vijiko vikanyamaza. Juzi nilikohoa. Msichana mmoja wa kidato cha kwanza akaifunika sahani yake kwa mikono miwili, akalia kwa sauti ya yatima wenu: "Mama, na hiki nacho utaninyang'anya?" Bwalo zima likaangua kicheko, mpishi naye akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Mwalimu mkuu ameniita na kuniuliza, kwa upole wa kutisha, kama kazi bado naiweza.

5. Kwa kuwa fundo ni langu, tabia nayo ifanane nalo. Mwanamke anayeamka mapema kujifunga vile atapata wapi muda wa kutesa watoto? Naomba basi sehemu ya pili iandikwe upya: mama wa kambo amwombe yatima radhi, ampikie, amchane nywele, na ikiwezekana apewe bweni alisimamie. Mkishindwa, ondoeni fundo langu kichwani mwake mara moja.

Nisalimie waandishi, wachoraji, na mlinzi wa getini ambaye hana hatia. Binti wa kaka yangu mwambie namsubiri Jumapili. Aje na maelezo, kamera aiache huko.

Ni mimi ninayesubiri haki yangu,
Matroni, Bweni la Wasichana

N.B. Kabla sijafunga bahasha, fundi wenu amenipigia simu. "Shangazi, furahi! Fundo lako linaichelewesha kompyuta. Sehemu ya pili wanamnyoa." Wanamnyoa nani? Nywele nzuri kama zile, zimewakosea nini? Ndugu Mkurugenzi, puuza namba moja hadi tano. Yatima na alale njaa kama mlivyopanga, hata sehemu ya tatu, lakini hilo fundo asiliguse mtu.