Glavu za Kupigia Taipu

Jumatano, 3 Machi 1965

Leo nimefurahi mpaka nimemwaga chai ya Karani Mkuu. Binti yangu Nanjala amepata kazi ya taipu! Hapa hapa Kakamega, katika ofisi hii ambayo mimi, Hezekiah Masinde, ni tarishi mwaka wa kumi na tano. Anaanza Jumatatu. Atajaribiwa wiki moja, kisha Bwana Kipkemboi, Karani Mkuu wetu, ataamua kama anabaki au anarudi nyumbani.

Kazi ataiweza. Mavazi je? Mama yake Teresa, Mungu amrehemu, angejua la kufanya. Sasa ni juu yangu. Wala sina wasiwasi. Nani katika mji huu amewafungulia wake za wakubwa mlango kama mimi? Namkumbuka vizuri memsabu wa bwana mkubwa wa zamani. Gauni pana. Kofia yenye ua. Glavu nyeupe mpaka viwikoni. Basi, yamekwisha.

Alhamisi, 4 Machi

Barnaba, dereva wetu, hajui kunyamaza. Ati binti yake Risper anafanya kazi posta na huvaa sketi ya kijivu na blauzi nyeupe, imetosha. Ati yule memsabu hakufanya kazi hata siku moja, alikuwa anakujanga tu kumchukua mumewe waende karamu. Wivu! Risper analamba stempu. Nanjala atapiga barua za serikali.

Jioni nimefungua sanduku la Teresa. Ile satini ya kijani ipo, aliyoiweka kwa ajili ya harusi ya Nanjala. Nimekaa nayo magotini muda mrefu. Bado inanukia sabuni yake. Nimemwomba radhi, kisha nikaipeleka kwa fundi Khisa.

Jumamosi, 6 Machi

Khisa ameuliza bibi harusi ni nani. Nimemwambia akate, asiulize.

Gauni ni la ajabu! Nanjala anapita mlangoni kwa ubavu. Kofia na glavu nimezipata kwa mama mmoja wa kanisani, aliachiwa na mzungu aliyekuwa akimfulia. Nanjala aliliangalia gauni, akaniangalia mimi, akauliza kwa upole atakaa vipi. Nimemwambia atazoea.

Jumapili, 7 Machi

Kuna jambo linanisumbua, nitaliandika hapa tu. Mimi kazini ni kaptura ya kaki na viatu vya akala, vya tairi la gari. Watu wakijua yule wa kofia ni mtoto wa tarishi, watamcheka. Nimemwambia kesho ajifanye hanijui kabisa.

Nanjala aliacha tonge la obusuma, ugali wetu, lipoe mkononi. Nimehesabu kwamba amekubali.

Jumatatu, 8 Machi

Balaa!

Bwana Kipkemboi aliona kofia mlangoni akaruka kutoka kitini. Alidhani ni mke wa waziri! Akampa kiti chake mwenyewe. Gauni likafunika meza nusu, mafaili yakaenda chini. Nanjala alipojaribu kueleza, akakatizwa kwa Kiingereza kirefu cha kukaribishwa. Kisha kengele ikalia: tarishi alete chai ya mgeni, upesi!

Niliingia na sinia, macho sakafuni. Mpango ulikuwa unakwenda vizuri. Kumbe nimesahau kwamba kwetu binti haketi akihudumiwa na baba yake. Nanjala akainuka. Kofia ikaangusha kalenda. Akavua glavu, akapiga goti mbele ya makarani wote, akapokea sinia kwa mikono miwili. Akaniambia, "Baba, keti wewe."

Bwana Kipkemboi akauliza kama mimi ndiye baba. Nikasema hapana. Nanjala akasema ndiyo.

Barnaba alikuwa dirishani na hakucheka, jambo lililoniuma zaidi. Mwishowe Bwana Kipkemboi alimwambia Nanjala kesho aje na nguo inayoingia kati ya kiti na meza, maana leo taipu haikuguswa na siku zake za kujaribiwa zimebaki nne.

Nimemharibia mtoto wangu.

Jumanne, 9 Machi

Asubuhi Nanjala alitoka chumbani na sketi ya kijivu. Ya Risper! Yaani ya nyumba ya Barnaba! Nikafungua mdomo kupinga. Halafu nikaiona blauzi. Nyeupe, safi, na kola ni ya kijani. Satini ya Teresa. Jana jioni alikwenda kwa Khisa wakalifumua gauni lote. Kitambaa kilichobaki amekikunja vizuri na kukirudisha sandukuni.

Nimemuuliza kwa nini hakulikataa gauni tangu mwanzo. Alisema aliona jinsi nilivyolishika, na hajaniona na furaha namna ile tangu tumzike mama yake. Akashindwa.

Nilitoka nje kuhesabu kuku. Tuna kuku mmoja.

Ijumaa, 12 Machi

AMEBAKI! Bwana Kipkemboi amesema barua zake hazina kosa na mwenyewe ni nadhifu. Nilimshika Barnaba mkono kabla sijakumbuka kuwa ni Barnaba. Akaniuliza ati nimeona sasa kazi ya sketi ya kijivu? Upuuzi. Kila mwenye macho anajua ni ile kofia. Ilimkaa Bwana Kipkemboi akilini wiki nzima.

Nanjala akinipita kwenye veranda huniita Baba kwa sauti mpaka makarani wote wanageuka. Kaptura yangu haimpi aibu hata kidogo. Mimi naye tunarudi nyumbani pamoja, ananibebea mwavuli.

Ila nimefikiri. Baba wa karani wa serikali hawezi kupeleka chai mikono mitupu. Glavu zipo, hazina mwenyewe. Zinabana kidogo, lakini zinafika viwikoni. Nimezifua, ziko kambani. Jumatatu naanza nazo.

Kofia nayo nimeijaribu. Ua nitaliacha nyumbani.