Uzinduzi wa Kambi ya Mlimani na Mtoni kwa Ndugu Zetu Wenye Ulemavu

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa Burudani Jumuishi. Mheshimiwa Naibu wake. Mheshimiwa Kaimu Naibu, anayemkaimu Naibu ingawa Naibu mwenyewe yupo pale mstari wa mbele anasinzia. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati, Kamati Ndogo na Kamati ya Viburudisho. Shemeji yangu, aliyeshinda zabuni ya viti hivi vya plastiki kwa haki kabisa. Ndugu zetu wenye ulemavu, ambao ndio wenye shughuli. Na mimi Mwenyekiti, ambaye nisipojitaja hakuna atakayenitaja: itifaki imezingatiwa, na iliyobaki tutaizingatia mezani. (Makofi.)

Niwasalimie pia wenzetu wa viti vya magurudumu, ambao, kwa kuwa lifti iko kwenye mchakato wa matengenezo tangu jengo lijengwe, wanatufuatilia kwa spika kutoka maegesho ya magari. Ukumbi huu wa ghorofa ya nne tuliuchagua makusudi, maana wataalamu walishauri kuwa safari ya mlimani izinduliwe mahali pa juu. Mnanisikia huko chini? (Sauti kutoka maegesho: "Tunakusikia, Mheshimiwa! Basi liko wapi?") Swali zuri sana, nimelipokea, na litajibiwa kimkakati.

Mradi huu, kwa mujibu wa proposali na mpango kazi shirikishi wa wadau, utamwezesha asiyeona kuteleza kwa kamba kutoka kilele hadi kilele, kiziwi kulala kwenye hema porini, na mwenye kiti cha magurudumu kupiga kasia mtoni akalowa kama raia mwingine yeyote. Kiwango cha kuridhika kwa washiriki kimefikia asilimia mia moja na nne, na hizo nne ni wale ambao hawajajiandikisha. (Makofi. Mkalimani wa lugha ya alama anashusha mikono, anatikisa kichwa, anaendelea.)

Wapo wanaosema hatuwajali. Uongo mtupu! Kamati nzima ilikwenda kufanya majaribio kwa niaba yenu, majuma mawili, hotelini. Mkurugenzi Mkuu alijifunga kitambaa machoni ili aonje changamoto za wasioona, akatumbukia kwenye bwawa la kuogelea na suti yake. (Kicheko.) Msicheke, huko ndiko kujengewa uwezo! Mimi nilijaribu kiti cha magurudumu kwenye mteremko, nikafika kwenye chakula kabla ya wajumbe wote.

Na nimtaje fundi viatu wetu, yuko huko chini na kiti chake cha magurudumu. Leo amefunga kibanda, mama yake mdogo amemfungia nguo za kubadilisha, na ameniambia kwamba tangu utotoni wenzake wakienda kuogelea yeye huachwa ukingoni alinde nguo. Jambo hilo liliniuma, nikalia, na katibu muhtasi akaandika kwenye muhtasari kuwa Mwenyekiti amelia. (Sauti ya fundi viatu: "Leo silindi nguo za mtu, mzee! Basi liko wapi?") Mnaona ari hiyo?

Semeni nami: Kambi kwa wote! (Wachache: "Wote kambini!") Ulemavu siyo kikwazo! (Kutoka chini: "Ngazi ndiyo!")

Mwisho kabisa namshukuru fundi rangi, aliyetuchorea ukutani hapa nyuma yangu mlima, mto, mtumbwi, na basi kubwa lenye mlango mpana wa viti vya magurudumu, vitu ambavyo bila yeye visingekuwepo popote. Mwalimu, wewe usiyeona, toa mkono kwenye basi, rangi bado mbichi. Wafadhili wanataka picha tu, kwa hiyo mtapita mbele ya basi mmoja mmoja, kisha kila mtu arudi nyumbani na begi lake. Wa chini tutawaongeza kwa kompyuta. Nawashukuruni sana, na maadamu mko hapo hapo maegeshoni, mtulindie magari wakati tunakula.

(Kutoka chini: ssss. Tena: ssss. Mkurugenzi Mkuu anakimbilia dirishani, Mwenyekiti nyuma yake.)

Ni nini hicho? Fundi, hiyo sindano ya viatu unafanyia nini kwenye tairi la gari langu?

(Sauti ya fundi viatu: "Shukeni taratibu, mzee. Sasa sote tunasubiri basi!")