Gari la Ami Athman Laenda Kutazama Mandhari

Ami Athman alipokwenda Umra alimwachia Taufiq ufunguo wa gari na wasia mmoja: kila asubuhi aliwashe, lingurume kidogo, alizime. Hakusema liende popote. Lakini hakusema pia lisiende, na Taufiq, Mola amhifadhi, alikuwa msomi mkubwa wa mambo yasiyosemwa. Siku ambayo Ami alitarajiwa kutua Mombasa jioni, Taufiq alifunga tai akabandika karatasi kiooni: SAFARI ZA MANDHARI, MALINDI NA KURUDI.

Wateja walikuwa wawili: Gladys, mwanamke mpole mwenye mkoba mkubwa, na Menza, nduguye, aliyevaa suti ya kuazima na jasho lake mwenyewe.

Kikambala, Taufiq alisimamisha gari akatoza ada ya upepo.

"Wa bure ni ule wa Mombasa," alieleza kwa huzuni. "Huu una wenyewe."

Gladys akalipa. Mnarani, penye magofu, Taufiq akatoza ada ya kuwaomba radhi waliozikwa. Gladys akalipa. Juu ya daraja la Kilifi akawapa nafuu: atazamaye bahari kwa jicho moja, nusu bei. Menza akaziba jicho.

Mteja asiyelalamika ni wa kuogopwa kuliko mbwa asiyebweka. Taufiq hakuogopa, alijiona ameokota dodo chini ya mwarobaini.

"Bwana Taufiq," Gladys akasema walipofika Malindi, "kwetu Jilore kuna ukoo mzima haujawahi kutembezwa. Wazee wanapenda mtu wa maneno. Twende ukawaone?"

"Wangapi?"

"Wakikaa, mikeka haitoshi."

Gari likakata kushoto kama lenyewe.

Jilore wazee walikuwa wameshapangika vitini. Mkubwa wao, Mzee Thoya, aliuliza habari za njia, kisha akamwonyesha Menza kwa kidevu.

"Huyu unamjua?"

"Mzee, huyu ni damu yangu," akajibu Taufiq, maana muuzaji hodari hana wateja, ana ndugu.

"Na gari?"

"Langu. Mengine mawili yamepumzika nyumbani."

"Huyu akikwama, utasimama naye?"

"Akikwama yeye, nimekwama mimi."

Wazee wakatazamana. Nyuma ya nyumba vikapaa vigelegele. Taufiq akainama kwa adabu; hajawahi kushangiliwa hivyo kabla hata ya kutaja bei.

"Maneno yametosha," akasema Mzee Thoya. "Menza amekuja hapa mara tatu kumposa binti yangu Kabibi, nikamrudisha, nikamwambia alete mshenga mwenye mali na ulimi. Leo amemleta. Mke tumempa."

"Asante, kaka," Menza akanong'ona.

Taufiq akamtazama Gladys. Gladys alikuwa akitazama mandhari.

"Na kwa kuwa mbuzi wa mahari hawajafika," mzee akaendelea, "gari la mshenga litawangoja hapa hapa." Akanyoosha kiganja.

"Mzee, hili gari, kusema kweli..."

"Si lako?" Mzee aliuliza taratibu, kama anayeulizia chumvi. "Basi posa imevunjika, nasi tunakwenda kwa chifu, ukamweleze ni la nani na umelitoaje."

Ufunguo ukatua kiganjani. Taufiq hajavuta pumzi, mashangazi watatu wa bibi harusi walikuwa ndani ya gari wakijaribu viti, na jogoo amepanda boneti kuona kulikoni.

Simu ikalia.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Ndege imewahi. Niko uwanjani na madumu yangu ya zamzam. Gari liko wapi?"

Taufiq akatafuta uongo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, akakuta ghala tupu.

"Liko ukweni, Ami."

"Ukweni kwa nani?"

Menza alikuwa akirushwa juu na vijana. Mtu akamletea mshenga kiti, mwingine akamwekea soda mkononi.

"Kwetu," akasema Taufiq, akaketi. "Ami, una mbuzi?"