Maua Niliyomwoteshea Mama Mkwe

Wenzangu, leo nimeumbuka, tena mbele ya mtu ambaye sikutakiwa kabisa kuumbuka mbele yake: mama yake Juma, mchumba wangu.

Posa imeshapokelewa kwetu, lakini mama huyu bado hajaniridhia. Anasema msichana wa vitabu hawezi kutunza nyumba. Ndipo alipokata vijiti kwenye mti wake wa maua mekundu kule Tabora, akavituma kwa treni mpaka kwangu Igalula. Ujumbe wake: "Aoteshe. Nitakuja kuona."

Vijiti vilifika siku ileile kijiji kilipogawa mbegu za muhogo, kila nyumba fungu lake, tukapande shamba la ujamaa. Nikaegesha mafungu yote mawili nyuma ya mlango. Asubuhi sikukumbuka lipi ni lipi. Yote vijiti vitupu, hata jani hakuna.

Sikubabaika. Bustani nimejifundisha mwenyewe, na najua mti ule hutoa utomvu mweupe. Nikavunja kijiti cha fungu moja: utomvu mweupe. Ndiyo yenyewe. (Fungu la pili sikulivunja. Mimi, ninayerudi mara tatu kuangalia kama nimefunga mlango.)

Nikapanda kwa kamba, mistari imenyooka kama reli. Nikatengeneza kichanja cha nyasi, nikazungushia magunia. Huko nyuma nilikuwa nachungulia kila saa, nafukua kutazama mizizi, vyote vinakufa. Safari hii niliapa kutochungulia. Nikawa namwagia maji juu ya nyasi tu. Fungu la pili nikalipeleka shambani.

Leo mama kafika. Jirani yangu Kondo, Mzaramo anayefanya kazi ya reli, naye akaja bila kualikwa. Ni mtani wetu sisi Wanyamwezi, nani atamfukuza?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yako wapi?"

Nikatoa hotuba fupi juu ya uvumilivu (hapa ndipo ningenyamaza), kisha nikavuta magunia.

Kisamvu. Mstari baada ya mstari wa kisamvu, kimenawiri kuliko cha sokoni.

"Wanyamwezi nyie," Kondo akasema, "kumbe haya ndiyo maua yenu? Bibi harusi atashika na karanga?"

Mama hakucheka. "Hukuujua mti wa muhogo?"

"Nimekulia Kitete, mjini, mama. Naujua ukiwa sahanini."

"Na vijiti vyangu?"

"Vitakuwa shamba la ujamaa, mama."

Kondo akakaa chini kabisa. "Ndiyo maana mwenyekiti anauliza ule muhogo gani, majani yake hayana vidole."

Mama akaziba uso kwa ncha ya kanga. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua analia, posa imevunjika, namwambiaje Juma. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kichanja. Kisha akapita katikati ya mistari, akiinamia kila shina.

"Hapa hakikufa hata kimoja?"

"Hata kimoja, mama."

"Na vya kule shambani?"

"Vimeota vyote," Kondo akadakia. "Kijiji kizima tunavipalilia."

"Basi kutunza anaweza," mama akasema. "Kutambua tutamfundisha. Kinu kiko wapi, mwanangu?"

Mmesikia? Mwanangu. Tumekula kisamvu chote, na harusi ipo. Kesho asubuhi mwenyekiti ananitaka ofisini, nikaeleze kwa nini mwaka huu kijiji kitavuna maua. Naombeni msicheke. Au chekeni, lakini huko huko mliko, na mkija harusini muwe mmeshamaliza.