Mashine ya Dirisha Namba Nne na Vidole vya Mama Povu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Pasipoti,

YAH: MASHINE YENU KUMKATAA MAMA YANGU MDOGO

Mheshimiwa, kwanza pole na kazi. Natumaini wewe na wasaidizi wako wote mu wazima, pamoja na mashine ya dirisha namba nne, ingawa kwa hiyo sina hakika, na ndiyo sababu ya barua hii.

Mimi ni mpiga pasi. Nafanya kazi ughaibuni, kwenye chumba cha chini cha hoteli moja kubwa, ambako nanyoosha mashuka mia mbili kwa siku na sijawahi kuunguza hata moja, ukiacha lile moja. Kazi hii nilifundishwa na mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, aliyenilea tangu nina miaka minne. Yeye ni dobi, na mtaa mzima unamwita Mama Povu. Baada ya miaka tisa ya kuomba, huku nilipo wamenipa kibali cha kumdhamini ili aje tukae pamoja. Chumba chake nimeshakipaka rangi. Pazia nimelitundika na kulipiga pasi likiwa linaning'inia, jambo ambalo si kila mtu analiweza. Kilichobaki ni pasipoti yake tu, na kibali kinakwisha muda wake tarehe thelathini ya mwezi huu. Kikiisha naanza upya, na mama mdogo ana miaka sitini na nane. Naomba nitoe malalamiko yangu kwa namba, yasije yakapotea kama soksi.

1. Mashine inasema mama mdogo hana alama za vidole. Amekuja kwenu mara tatu. Mara tatu ameweka vidole kumi kwenye kioo, mara tatu kioo kimewaka taa nyekundu, na afisa wa dirishani, yule mwenye miwani ya kamba, akamwambia kwamba vidole vyake ni vitupu. Mheshimiwa, huyu ni mwanamke aliyefua nguo za watu kwa mkono miaka arobaini na tano. Mlitaka vidole vyake vibaki na nini, maua?

2. Afisa huyo alimshauri apumzishe mikono wiki tatu, ajipake mafuta, asiguse maji. Ushauri ni mzuri, na naambiwa aliutoa kwa adabu. Lakini wiki hiyohiyo alimpelekea mama mdogo mashati sita na suruali ya kitani, akauliza kama vitakuwa tayari Ijumaa. Nauliza kwa heshima zote, afisa yuko upande gani?

3. Alama za mama mdogo hazijapotea, zimehama. Ziko kwenye nguo za mji mzima. Ziko kwenye mashuka ya zahanati, ziko kwenye joho la hakimu, na nyingi kuliko zote ziko kwenye kola za afisa mwenye miwani, kwa sababu kola zake hazitakati kirahisi. Naomba ofisi yako ikusanye mashati yote ya mji huo, iyapitishe kwenye mashine moja baada ya jingine, kisha iunganishe kitakachopatikana. Mkizidiwa na wingi, basi mashati yenyewe yapewe pasipoti, na mama mdogo asafiri akiwa ameyavaa.

4. Tukija kwenye suala la kutambua watu, hapa lazima niseme ukweli. Mama mdogo hakusoma sana, lakini ana wateja mia na ishirini na hajawahi kumpa mtu shati la mwenzake. Kila nguo huitia uzi mwekundu chini ya kola. Mwalimu mkuu ana mishono miwili, muuza dawa ana mmoja uliolala, afisa wako ana mitatu na fundo. Sindano moja na uzi, basi. Nyinyi mna mashine yenye waya mnene kama mkono wangu, na mmeshindwa kumtambua mtu mmoja aliyesimama mbele yenu akiwa na kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na majirani wawili waliovaa nguo alizozifua yeye. Napendekeza mashine istaafu na kazi yake apewe mama mdogo. Akishaajiriwa atajitambua mwenyewe, atajipigia muhuri, atajikabidhi pasipoti na kujitakia safari njema. Na wewe mwenyewe, Mheshimiwa, hebu geuza kola yako kidogo. Ukikuta uzi mwekundu, ujue umeshatambuliwa siku nyingi.

5. Vidole vya miguu anavyo. Vipo kumi na nimewahi kuvihesabu. Afisa alikataa kuvipima kwa madai kwamba kaunta iko juu mno. Mama mdogo alijitolea kupanda. Naambiwa alikuwa ameshavua kiatu kimoja na foleni nzima inamshangilia, ndipo akaja mlinzi.

6. Kama yote hayo hayawezekani, basi naomba ofisi yako iniandikie barua yenye muhuri kwamba mama mdogo hayupo. Msione haya, ndicho mnachosema tayari, ila mnakisema kwa taa. Mtu asiyekuwepo hahitaji pasipoti, hahitaji viza, hahitaji hata kiti kwenye ndege. Atapita mpakani akiwa na barua yenu mkononi, na askari akimsimamisha, wenzake watamwona anazungumza peke yake na kumpeleka akapumzike.

7. Mwisho kabisa, nimepata fomu ya kusafirishia vyombo vya nyumbani na nimeshaijaza kwa kalamu nyeusi. Aina ya mzigo: mama mdogo, mmoja. Je, umewahi kutumika? Sana. Je, unavunjika? Haijawahi kutokea. Alama ya kutambulisha mzigo: hakuna, mashine imethibitisha. Je, unavuja? Hapana, labda akicheka. Kinachohitajika ni sahihi yako tu, pale kwenye mstari wa nukta.

Mheshimiwa, unisamehe kama nimepitiliza. Nimechoka kula peke yangu. Kile chumba nakifagia kila Jumapili na hakuna anayekichafua, nami sikumbuki mara ya mwisho mtu kunigombeza kwa sababu nimekunja shuka vibaya. Namtaka mama yangu mdogo kabla ya tarehe thelathini, kwa njia yoyote ile ambayo haina taa nyekundu.

Nisalimie wote hapo ofisini, mlinzi aliyemzuia mama mdogo kupanda kaunta, na foleni kwa jumla. Afisa mwenye miwani mwambie mashati yake yako tayari.

Ni mimi, katika joto na mvuke,
Mpiga pasi wa chumba cha chini

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, mama mdogo amenipigia simu, nami kwa majivuno nikamsomea barua yote tangu juu. Alicheka mpaka kwenye namba tano tu. Halafu akaniomba niache kuitukana mashine, kwa sababu haina kosa. Kila asubuhi ya kuja kwenu alijisugua ncha za vidole kwa lile jiwe lake la visigino mpaka zikawa laini. Mara ya kwanza mashine ilikaribia kumsoma dole gumba la kushoto, akashtuka, na safari ya pili akasugua mara mbili zaidi. Hata vya miguu alikuwa amevisugua, kwa tahadhari. Anasema hataki kuja. Ana wateja wake, ana kamba zake na jua lake, na hajui atafanya nini kwenye chumba chenye pazia lililonyooka namna hiyo. Kuniambia alishindwa, kwa kuwa nilikuwa nimeshapaka rangi, akaona aiachie mashine ndiyo iniambie. Kisha akaniuliza, bila ugomvi wowote, kwa nini miaka tisa nimeulizia njia ya yeye kuja na sijaulizia hata siku moja njia ya mimi kurudi. Pasipoti yangu iko kwenye droo na bado ina miaka minne, na vidole vyangu vyote vina alama.

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi saba nayafuta, na mashine naiomba radhi. Ile fomu ya vyombo nimeijaza upya. Aina ya mzigo: mtoto wa dada, mmoja. Alama ya kutambulisha mzigo: mshono mmoja wa uzi mwekundu chini ya kola, alioutia mama mdogo siku ninaondoka. Je, unavuja? Hapo nimeandika ndiyo.