Mguu wa Tano

Jumatatu, 3 Juni
Mwanyumba wangu amenicheka tena! Huyu ni mume wa dada wa mke wangu, mchora vibao vya maduka, mtu asiyejua hata kivuli kinaangukia wapi. Amesimama sebuleni kwa mama mkwe, mbele ya picha niliyoichora ya zizi la shambani, akahesabu kwa sauti miguu ya ng'ombe. Mitano! Miaka kumi na miwili navumilia. Sasa basi. Nimemwambia mama mkwe naichukua nikaifute vumbi. Nitaichora upya kwenye karatasi nyingine, miguu minne, niitundike palepale. Jumapili, tukikutana tena kula kwa mama mkwe, mtu atakula kimya.

Jumanne, 4 Juni
Mke wangu ameshauri nimuulize mama yake kwanza, eti kuuliza si ujinga. Nimemjibu kuuliza ni kwa wanaoanza. Nimemaliza anga. Safi mno! Mkono haujazeeka.

Alhamisi, 6 Juni
Kasoro ndogo. Kwenye rangi za maji, weupe ni karatasi yenyewe. Unaiacha bila kuigusa. Nimeigusa. Ng'ombe wa mabaka meupe sasa ni kahawia mwili mzima. Ana heshima zaidi hivyo. Pia nimeosha brashi kwenye chai, nikainywa. Miguu minne. Nimehesabu mara tatu.

Jumapili, 9 Juni
Nimetundika mapema. Mwanyumba amehesabu, amenyamaza. Ushindi! Kisha mama mkwe akavaa miwani, akasogea, akauliza mume wake yuko wapi. Nikadhani ni umri. Kumbe mguu wa tano ulikuwa wa marehemu baba mkwe, amekaa nyuma ya ng'ombe anakamua, buti lake limejitokeza. Hakupenda kupigwa picha maisha yake yote. Mama hana picha yake nyingine ya kumtazama. Na akasema aliyemwonyesha huo mguu ni mimi mwenyewe, siku niliyompa picha. Nilisahau kabisa! Amelia, nami nimelia. Nimekimbia nyumbani kuleta ile ya zamani. Mwanyumba ameitundika, akainyoosha kwa kidole. Nimeona aibu hadi kwenye kucha.

Jumatatu, 10 Juni
Mama mkwe amenisamehe. Nimelala vizuri, nikaamka na wazo. Mzee mzima kubaki na mguu mmoja si haki. Wa pili unaenea, pale kando ya ndoo. Kesho asubuhi mama mkwe anakwenda kliniki, na mlango wake wa nyuma haufungiki sawasawa. Simuulizi, nataka ashtuke kwa furaha. Brashi nimeshaiosha.