Malalamiko Dhidi ya Zahanati ya Ng'ambo Inayotibu Watu Wetu

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Pole na kazi, na pole nyingine kwa usumbufu. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya zahanati yetu ya mpakani, ile uliyokuja kuizindua, ukakata utepe, ukapigwa picha, ukaondoka na mkasi. Naandika kwa uchungu. Ukipita jiwe la mpaka, hatua chache tu, majirani zetu nao wana zahanati, na zahanati hiyo inatibu watu. Nimevumilia, sasa imetosha.

1. Wanatibu hata wa kwetu. Mdogo wangu wa kike aliposhikwa na uchungu, nilimsihi azae kizalendo. Tulipofika zahanati yetu, geti limefungwa. Mlinzi akachungulia.

"Nesi yuko semina."

"Semina ya nini?"

"Ya kuwafikia wananchi, mzee."

Nikafurahi kusikia kwamba tunafikiwa, nikamwambia dada asubiri. Akanijibu, "Kaka, mwambie mtoto mwenyewe." Akapanda baiskeli ya muuza mkaa, akaenda kujifungua salama ng'ambo. Kama huu si uvamizi, sijui tuuite nini.

2. Nesi wao, mama mmoja mnene mwenye miwani, huwaambia wagonjwa, "Karibu, kaa, unaumwa wapi?" Watu wetu wanarudi wameharibika. Sasa wanataka kusalimiwa hata huku.

3. Dawa wanazo. Mgonjwa anakabidhiwa mkononi, papo hapo, bila kuambiwa zimeisha, njoo wiki ijayo. Watu wanapona haraka mno, hawapati hata nafasi ya kuijua serikali yao.

4. Aliyetii ni mmoja tu, mama mkwe wa fundi cherehani. Nilimwambia kwa kinywa changu, "Mama, usivuke, wa kwetu watakuja." Akaketi kwenye benchi letu, kifua kikimbana, mkoba magotini, na kila nilipomuuliza hali akasema, "Sawa tu, mwanangu." Hakuja mtu. Tulimzika Jumamosi. Fundi hanisalimii tena, ingawa nimemweleza kwamba marehemu ni mfano wa kuigwa.

Kwa hiyo naomba uwaandikie wenzako wa ng'ambo wapunguze huduma. Si lazima wafunge kabisa. Wachelewe kufungua na wakasirike kidogo. Wakikataa, tuletewe askari njiani awe anapima joto: mwenye homa arudishwe, mzima apite. Na hilo likishindikana, jiwe la mpaka lisogezwe hadi nyuma ya zahanati yao ili iwe mali yetu. Nina imani kwamba tukishaimiliki, haitachukua muda kufanana na ya kwetu.

Nisalimie ofisi nzima, dereva wako, na shemeji yetu, mkeo, ambaye tumesikia amerudi kutoka kutibiwa nje. Tunashukuru kwamba angalau nyumbani kwako huduma inafika.

Ni mimi, nisiyechoka kusubiri,
Mwenyekiti wa Kamati ya Zahanati

N.B. Uniwie radhi kwa mwandiko. Nimeandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia una dripu. Malaria ilinipanda kichwani na nilipozinduka nilikuwa ng'ambo. Hata hivyo barua ni halali, imepitishwa na kikao cha kamati na akidi imetimia: mimi kitanda cha dirishani, mhazini kitanda cha pili, katibu yuko kwenye foleni na mtoto wake mgongoni. Wajumbe wote wanaomba, kwa kauli moja, kwamba hayo niliyoyaomba hapo juu yasitekelezwe kabla hatujapona. Na ukitaka kutujibu, usihangaike na karatasi. Tuletee nesi.